Usilizime Kosa Linalopiga Kelele

Leo nina neno la kulumbana nanyi, hasa ninyi mnaowasaidia wenzenu kusakinisha programu za kisayansi: za ramani, za takwimu, za hali ya hewa na kadhalika. Kompyuta inapokataa kusakinisha programu kwa sababu kuna kitu kinakosekana, inakufanyia wema. Kukataa kwake si tatizo. Tatizo ni kwamba tumejifunza mbinu mia za kuifunga mdomo, na mbinu hizo tunazigawa kama njugu kwa watu ambao hasara yake itawafikia wao, si sisi.

Nina mfano wa karibu. Jumamosi nyingi huwa nipo Laini Saba, Kibera, kwenye chumba cha mabati ambamo vijana wanane hugawana laptopu nne za mitumba. Wanatengeneza orodha ya vioski vya maji na vyoo vya kulipia: kipo wapi, kinafungwa saa ngapi, ni cha nani. Kazi ya namna hii si ngeni pale. Mwaka 2009 vijana 13 wa Kibera walitembea na vifaa vya GPS vijiji vyote wakichora ramani iliyoingia OpenStreetMap, kazi iliyojulikana kama Map Kibera. Kabla ya hapo ukifungua ramani za mtandaoni, mahali ambapo watu walikuwa wamebanana mlango kwa mlango palionekana doa tupu. Siku zile chombo kikuu kilikuwa JOSM, na JOSM ilidai kitu kimoja tu: Java. Ukiwa na Java, umemaliza.

Leo vijana wanataka zaidi ya kuchora. Wanataka kuhesabu: nyumba ngapi ziko mbali na maji kwa zaidi ya mita 100, choo kipi kinahudumia njia ngapi. Hapo ndipo unaingia kwenye Python na R, na hapo ndipo vitegemezi vinapoanza kukujia kama wageni wa harusi, kila mmoja na mtoto mkononi.

Chukua GeoPandas. Ukiitazama kwa juu ni programu moja. Chini yake ipo pandas, na chini ya pandas ipo NumPy. Ipo Shapely, inayosimama juu ya maktaba iitwayo GEOS. Ipo pyproj, inayosimama juu ya PROJ. Ipo pyogrio, inayosimama juu ya GDAL, na GDAL yenyewe inaiegemea PROJ. PROJ nayo, tangu toleo la 6 la mwaka 2019, huweka maarifa yake kwenye hifadhidata ndogo ya SQLite, faili moja liitwalo proj.db. Kwa hiyo kijana anayetaka kujua kioski cha maji kiko umbali gani anategemea kazi za watu waliokwisha kuandika msimbo tangu miaka ya 1980, na mmoja wao akikosekana kwenye foleni, hakuna ramani.

Sasa ujumbe wa kosa. Watu wengi husoma mstari wa mwisho tu, kisha wanaubandika kwenye Google. Mstari wa mwisho mara nyingi ni tarishi, si mwenye kesi. Tazama R unapojaribu kusakinisha sf kwenye Ubuntu tupu. Mwishoni utaambiwa kwamba kitegemezi `units` hakipatikani kwa ajili ya `sf`. Kijana anaandika `install.packages("units")`, inakataa, anarudia, inakataa, bando linaisha. Lakini panda juu kwa gurudumu la kipanya, mistari hamsini au sitini, utakuta imeandikwa wazi kwamba `libudunits2.so` haikupatikana, na chini yake, kwa adabu kabisa, jina la kifurushi cha kuweka: `libudunits2-dev` kwa watu wa Debian na Ubuntu. Kompyuta imetaja ugonjwa, imetaja na dawa. Sisi tumekimbia kabla daktari hajamaliza kuandika.

(Na ukiwa huna haja ya toleo jipya kabisa, acha kujitesa: `apt install r-cran-sf` huleta sf iliyokwisha kupikwa pamoja na jamaa zake wote.)

Najua kisingizio kimoja ambacho si kisingizio: ujumbe huo uko kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi, na mtu aliyesoma kwa shida hana hamu ya kupanda mistari sitini ya lugha hiyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili, kwa hiyo hoja ya kwamba haiwezekani ilikufa zamani. Ila mpaka leo hakuna anayetafsiri matusi ya pip. Basi hilo ni la siku nyingine.

Turudi kwenye mbinu za kufunga mdomo. Mnazijua. Ipo `--no-deps`, yaani weka programu, wageni wengine wasiingie. Ipo `--force-depends` ya dpkg. Ipo `--break-system-packages` ya pip, ambayo jina lake pekee lingetosha kumtia mtu hofu, lakini nimeona ikiandikwa kwenye maelekezo ya mafunzo kana kwamba ni salamu. Halafu ipo ile ya kiungo cha bandia: programu inadai `libproj.so.22`, mashine ina `libproj.so.25`, basi jamaa anaandika `ln -s` na kuibatiza mpya jina la ya zamani. Namba ile haikuwekwa kwa urembo. Waandishi waliibadilisha kwa sababu ndani mambo yamebadilika. Ukibahatika, programu itaanguka papo hapo. Usipobahatika, itafanya kazi.

Nasema usipobahatika, na namaanisha hivyo. Muuza unga anayekwambia leo sina unga hajakudhuru, utakwenda duka la pili. Wa kuogopwa ni yule anayechanganya unga na kitu kingine ili mteja asiondoke mikono mitupu.

Sikiliza kilichotokea. Vijana walikuwa na tabaka mbili za ramani. Moja ni nukta zao za GPS, ambazo zinatumia WGS84 kama GPS zote duniani. Ya pili ni mistari waliyoinakili kutoka karatasi ya zamani ya Survey of Kenya, zile za kipimo cha 1:50,000. Karatasi hizo hazitumii WGS84. Zinatumia Arc 1960, msingi wa upimaji uliotumika Kenya na Tanzania, uliojengwa juu ya umbo la dunia kama Clarke alivyolikadiria mwaka 1880. Nambari zilezile za mahali, ukizisoma kwa msingi huu au ule, zinakupeleka sehemu mbili tofauti. Tofauti yake hapa Nairobi ni karibu mita 300 kutoka kaskazini kwenda kusini, na kiasi cha mita 90 kutoka mashariki kwenda magharibi. PROJ inaijua tofauti hiyo. Imeiweka ndani ya proj.db, chini ya jina EPSG:21037.

Kwenye laptopu mojawapo PROJ ilipiga kelele: haioni proj.db. Kijana mmoja mwepesi wa vidole akatafuta kwenye mtandao, akapata jibu la miaka mingi iliyopita lenye alama nyingi za kusifiwa. Jibu lilisema achana na namba ya EPSG, andika maelezo kwa mkono: `+proj=utm +zone=37 +south +ellps=clrk80`. Akaandika. Kelele zikakoma. Ramani ikafunguka. "Mwalimu, imekubali!"

Imekubali, ndiyo. Maelezo yale yanataja umbo la dunia la Clarke, lakini hayasemi lolote kuhusu kusogea. Kipande cha `+towgs84=-160,-6,-302`, ambacho ndicho kinachobeba zile mita 300, hakimo. PROJ ikipewa maelezo ya namna hiyo haina njia ya kujua unazungumzia msingi gani, basi inachukua nambari kama zilivyo na kuzipitisha. Hakuna kosa, hakuna onyo jekundu, hakuna kitu cha kubandika Google. Kibera nzima ina ukubwa wa kilomita za mraba 2.5 hivi. Mita 300 ndani ya Kibera zinatosha kukutoa Laini Saba na kukutupa kijiji kingine kabisa.

Aliyegundua ni binti mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akila mandazi. Alitazama skrini akauliza kwa nini Kibera ina reli mbili. Kweli, ile iliyochorwa kwa GPS ilipita mahali pake, na ile ya karatasi ya zamani ilipita juu ya mabati ya watu, sambamba nayo, kaskazini. Reli haijajengwa ya pili. Bila reli ile kuwapo kwenye tabaka zote mbili, pengine hakuna ambaye angejua, na orodha ya vioski ingekwenda kwa kamati ikiwa na mipaka ya vijiji iliyosogea.

Mtu ataniambia mita 300 ni kitu gani, ramani ni ramani. Haya, mwambie hivyo mtu wa Kibera. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia pale kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba zikaanguka, na shule pia. Sisemi ubomoaji ule ulisababishwa na programu, la hasha, hakuna anayesema hivyo. Nasema kwamba watu wa pale wanajua, kuliko mimi na wewe, maana ya kuwa ndani ya mstari au nje ya mstari. Wakijichorea ramani yao wenyewe ili siku moja waiweke mezani mbele ya wenye mamlaka, ramani hiyo ikikutwa na kasoro ya mita 300, haitasemwa "PROJ ilikosa faili." Itasemwa hawa vijana hawajui kitu, na kazi yao yote itatupwa pamoja na nukta zilizo sahihi.

Ndiyo sababu naumia ninapoona fundi anawafundisha watu kuzima makosa. Anamaliza somo lake, anapanda matatu, anakwenda zake.

Dawa ya proj.db kutoonekana ilikuwa nini? Ndogo mno. Laptopu ilikuwa na PROJ mbili, moja ya mfumo na nyingine iliyokuja na programu nyingine, na kibadala cha mazingira `PROJ_LIB` (siku hizi kinaitwa `PROJ_DATA`) kilikuwa kikielekeza kwenye folda iliyokwisha kufutwa. Kukifuta kibadala hicho, basi, ramani ikakaa sawa. Kwenye laptopu ya pili folda ilikuwapo ila ya toleo la zamani, na huko PROJ ilisema yenyewe: `It comes from another PROJ installation`, yaani faili hili ni la PROJ nyingine, si langu. Ungetaka iseme nini zaidi ya hapo? Iimbe?

Sasa nimtetee kidogo yule kijana mwepesi wa vidole, maana sitaki ionekane namlaumu. Alikuwa na bando la saa moja. Stima ilikuwa imepotea na kurudi mara mbili asubuhi ile. Maelekezo aliyopewa na wenye mradi yalisema tu `pip install` hiki, `pip install` kile, kana kwamba kila mtu amekaa ofisini na waya wa intaneti usiokwisha. Kiswahili chetu kina utani wake hapa: kifurushi ni programu unayosakinisha, na kifurushi ni data unayonunua kwenye simu, na cha pili huisha kabla cha kwanza hakijafika. Mtu anayehesabu megabaiti hana nafasi ya kusoma ujumbe kwa utulivu. Atachukua njia yoyote inayonyamazisha mashine.

Kwa hiyo ukitaka watu wasome makosa, waondolee kwanza hofu ya bando. Hili linawezekana bila miujiza.

Wakubwa wenzangu mnakumbuka CD za Ubuntu zilizokuja kwa posta bila malipo, mpango wa ShipIt, tangu 2005 hadi 2011. Ulikuwa unaagiza, unasubiri, bahasha inafika, unaigawa mtaa mzima. Nyaya za baharini zilipotua Mombasa mwaka 2009 tukadhani habari ya kubeba programu mkononi imekwisha. Kwa wenye waya ofisini, ndiyo. Kwa chumba cha mabati chenye laptopu nne, haijakwisha, na si aibu.

Ukiwa mahali penye intaneti ya bure au ya bei nafuu, andika `pip download geopandas --only-binary=:all: -d flashi` na vifurushi vyote, pamoja na wageni wao, vitaingia kwenye folda hiyo. Ukifika mtaani, `pip install --no-index --find-links flashi geopandas`, na hakuna hata baiti moja itakayotoka kwenye bando. Angalizo moja kubwa: Python iwe ya toleo lilelile na mashine ya aina ileile, la sivyo utabeba kilo za unga usiopikika. Vijana wangu walikuwa na Python tatu tofauti kwenye laptopu nne. Tulianza kwa kuzilinganisha kwanza, kazi ya kuchosha lakini ya mara moja.

Hicho kipande cha `--only-binary=:all:` kina thamani hata ukiwa na intaneti. Bila hicho, pip ikikosa kifurushi kilichokwisha kupikwa kwa ajili ya mashine yako, hushusha msimbo mbichi na kuanza kuupika yenyewe, hasa kwenye laptopu kuukuu za biti 32 tunazopewa kama msaada. Dakika ishirini baadaye inagundua huna kompaila, au huna `Python.h`, na inakutapikia mistari mia tatu. Ukiiwekea sharti hilo, inakataa mara moja kwa mstari mmoja au miwili. Ni kosa lilelile, ila limekuja mapema na halijala bando lako. Na kwa jina la Mungu usiandike `pip install gdal` kama huna sababu. Kifurushi hicho huja kikiwa msimbo tu, kinadai `gdal-config` iwepo kwenye mashine, tena matoleo yalingane. GeoPandas haikihitaji. pyogrio ya kawaida huja na GDAL yake tumboni.

Kwa vifurushi vya apt, weka `apt-cacher-ng` kwenye laptopu moja, nyingine tatu zipitie kwake. Kinachoshushwa mara moja kinawafaa wote. Wapo watakaoniambia conda ndiyo jibu la kila kitu. Ni kweli kwamba huleta PROJ na proj.db yake kwa pamoja na kupunguza ugomvi, lakini uzito wake kwenye diski ndogo na bando dogo si wa mchezo. Tuliipima, tukaiacha.

Wenye miradi nao nina neno nao. Kabla ya kuchapisha fulana zenye nembo, nunueni diski moja ya nje, jazeni vifurushi, andikeni matoleo yake kwenye karatasi, iacheni pale mtaani. Fulana zitachakaa. Diski ile itatumika na kundi la pili na la tatu, ambalo hamtalijua kamwe.

La mwisho, kwa yeyote anayechanganya ramani za zamani na GPS hapa kwetu. Msitegemee kwamba kila mara atakuwepo binti wa kuona reli mbili. Muulizeni PROJ mwenyewe kabla hamjaanza: `projinfo -s EPSG:21037 -t EPSG:4326`. Atawatajia njia anazozijua za kutoka Arc 1960 kwenda WGS84, na usahihi wa kila moja kwa mita. Kisha mpeni yale maelezo ya mkono mliyoyaokota mtandaoni, mkiongeza `+type=crs` mwishoni na kuyafunga kwa alama za kunukuu, mlinganishe majibu. Neno la kutafuta ni `Ballpark`. Mkiliona kwenye njia itakayotumika, maana yake nambari zinapitishwa bila kusogezwa, na nukta zenu zote ziko mita 300 nje ya mahali pake.